Komba Aliyeonja Akaondoka

Mume wangu, Yohane Kalinga, aliitwa Komba na mwalimu wa kwaya, naye akalipenda jina. Hilo ndilo lililonikera. Mtu anakuita mlevi mbele ya kanisa, wewe unacheka! Kila nikimgombeza ananijibu, "Mama Mika, komba ameumbwa na kiu yake. Utamlaumu?"

Huku kwetu milimani, juu ya Mgololo, masika yakishika, mianzi hutoa ulanzi, ile pombe yake, asubuhi na jioni, kwa hiyo Pasaka hutukuta watu wamelewa. Na Pasaka ndiyo siku ya Yohane: alfajiri, makaburini, yeye hupuliza tarumbeta kabla watu hawajaimba. Mwaka wa hamsini na tano alipuliza wimbo wa harusi, kisha akalala juu ya kaburi la mzee wa kanisa. Yule mwalimu wa kwaya, Jailos, akaapa kwamba Pasaka ijayo akinuka pombe hata kidogo, tarumbeta itakwenda kwa mwingine moja kwa moja. Ile tarumbeta ndiyo kitu pekee nilichowahi kumwona Yohane akikishika kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata, jioni ya kuamkia Pasaka, akaniaga eti anakwenda tu kuangalia mianzi.

"Kuangalia!" nikasema. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikamfuata na mwiko wa ugali mkononi.

Hatujaufikia mwanzi wake, akasimama ghafla. Kwenye mbeta, kile kikombe cha mwanzi kinachokinga ulanzi, alikuwapo komba mwenyewe, macho makubwa, mtoto kang'ang'ania mgongoni. Alitumbukiza mdomo, akanywa kidogo, akajilamba vidole. Nikangoja anywe mpaka aanguke, maana ndivyo watu wanavyomsema. Wapi! Mtoto alilia, naye akaiacha mbeta imejaa povu, akarukia mwanzi wa pili, wa tatu, akapotea. Hakuteleza hata mara moja.

Yohane akaisogelea mbeta, akaichungulia.

"Ameacha," akasema. "Imejaa, na ameacha."

"Ana mtoto mgongoni."

"Na mimi sina?" Akanitazama, machozi yanamlenga, nami nikauonea aibu mwiko wangu. "Miaka yote namsingizia mnyama wa watu."

Tukarudi nyumbani, mbeta tukaiacha pale pale. Usiku kucha alijigeuzageuza kitandani kama aliyeingiliwa na siafu.

Alfajiri akambeba Mika mgongoni, kwa kanga yangu, mbele ya wanaume wenzake, na akakataa katakata kunipa. Makaburini ukungu ulikuwa mzito. Jailos akamwamuru apumue mbele ya pua yake. Alinusa, akanusa tena, hakuamini: uji mtupu.

Yohane akainua tarumbeta. Jamani! Sauti ilitoka safi, ndefu, haikutetemeka, ikavuka bonde hadi ng'ambo, na Mika akaamka akacheka. Mtu mzima mimi, nikaruka na kupiga vigelegele, wanawake wote wakanipokea hata kabla wimbo haujaanza. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Ibada ilipokwisha Jailos alikuja, kofia mkononi. "Yohane, lile jina la Komba nimelifuta leo."

"Usilifute, mwalimu," mume wangu akasema, akimweka sawa mtoto mgongoni. "Nimeanza kulistahili jana."