Zamu Ndani ya Jora

Fundi cherehani alikuwa amejidunga sindano tena, na bado alishikilia kwamba tatizo ni sindano za siku hizi. Binti aliyelelewa naye, msusi wa saluni ya jirani, alivuta kiti akaketi.

"Mama mkubwa, lete simu. Nakuwekea programu ya kukuza vitu."

"Macho yangu hayana neno."

"Ndiyo maana mkono wa shati umeushona kwenye kola."

Programu ya kwanza ilikuza vizuri, lakini kila walipoielekeza kwenye uzi ilileta tangazo la mafuta ya nywele. Msusi akaifuta. Ya pili iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe, kusikiliza maongezi na kujua walipo. Fundi alisema hata marehemu mumewe hakuwahi kumbana hivyo. Ikafutwa nayo. Ya tatu haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa na taa, na ilikuza bila kufika mwisho.

Waliielekeza kwenye jora la kitambaa cha buluu lililoletwa juzi kutoka kiwandani. Kwanza nyuzi zilionekana kama kamba. Msusi akazidi kukuza. Kamba zikawa kuta ndefu za buluu, na mwanga wa dirishani ukapita kati yake taratibu, mzuri mno, hata fundi akasahau kidole kilichokuwa kikivuja damu. Maisha yake yote amekata vitambaa, na hakuwahi kudhani kwamba vina ukumbi ndani. Ukumbini palikuwa na mtambo wa kufumia, na mbele yake mwanamke kijana, kajifunga kilemba, anafuma.

"Mdogo wangu huyo," fundi alisema. "Mama yako."

Msusi alirekebisha taa. Hakuwahi kumwona mama yake hata kwa picha. Mama yake aliingia zamu kiwandani akamwacha bado ananyonya, hakutoka tena, na kiwanda kikasema ameacha kazi kwa hiari. Sasa msusi alikuwa amemzidi umri.

"Shingo yake ni yangu," alisema. Alitazama mpaka shingo yenyewe ikamuuma, na furaha ikamjaa kifuani hata akashindwa kukaa.

Wakaenda kiwandani na jora begani. Msimamizi alivaa miwani, akachungulia, akakubali bila ubishi kwamba huyo ni mfanyakazi wao.

"Mlituambia aliacha kazi," fundi alisema.

"Kwenye karatasi aliacha. Lakini zamu yake haijaisha. Mlango tunafunga kwa nje, na zamu inaisha jora likiisha."

"Na jora linaisha lini?"

"Haliishi, mama. Uzi ukikaribia kwisha, wanafunga mpya kwenye ncha za ule wa zamani. Tukisimamisha mtambo tutapata hasara." Akasogeza picha huku na huku, akaona safu nzima ya wanawake wakifuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Picha safi sana. Programu hii inaitwaje? Itatusaidia kuwaona wanaozembea."

Walirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Fundi alitandaza kitambaa mezani, na hakuna aliyegusia habari ya mkasi. Msusi akaelekeza simu palepale. Ndani, uzi ulikuwa umefika ncha, na mwanamke alikuwa akifunga mpya fundo kwa fundo, kwa hiyo kelele za mtambo zilipungua. Aliinua uso akawaona.

"Dada," alimwambia fundi, kwa sauti ndogo iliyowalazimu kuongeza sauti ya simu. "Mbona umezeeka hivyo leo? Mtoto amenyonya?"

Msusi akainama karibu na kioo cha simu.

"Amenyonya," alijibu. "Amelala."

Mama yake alimwangalia kwa heshima anayopewa mgeni mkubwa.

"Asante, dada. Usimwamshe. Nikimaliza jora hili nakuja."

Akafunga fundo la mwisho, na mtambo ukaunguruma tena kwa nguvu. Msusi hakuondoa simu. Kitambaa kikarefuka mezani kidogo kidogo, kikafika ukingoni, kikaanza kushuka sakafuni.