Elektrodi Namba 4471

Saa mbili asubuhi mita ya maabara ya chuo ilikuwa imeshamsuta Maricruz. Jana jioni elektrodi yake ilitulia tuli. Leo imeruka milivolti kumi na tano, na hiyo ndiyo anayoitegemea kupimia vingine vyote. Ni kama fundi aamke akute futi yake imerefuka. Asipopeleka vipimo saa kumi jioni, ufadhili wake wa masomo unakatwa.

Ile ya kwanza, iliyonunuliwa dukani, ilipasuka Machi. Ofisi ya manunuzi ikadai bei za maduka matatu, na hapa Mexico, mji mzima wa Zacatecas, hakuna hata moja linaloiuza. Akajitengenezea: waya wa fedha safi, akauloweka kwenye jiki hadi ukawa zambarau iliyofifia, akautia kwenye kimrija chenye maji yaliyoshiba chumvi ya potasiamu, chini akaziba kwa kipande cha njiti ya meno. Sasa kosa liko wapi?

Akasikia maji yakitiririka kwenye sinki. Doña Eduwiges, mama mfagizi, alikuwa akisugua gilasi ya kuhifadhia elektrodi.

"Doña Edu! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Kila nikipita nakuta machumvi yameganda humu. Jana jioni nikamwaga, nikakuwekea maji yale ya dumu, safi kabisa. Si ndivyo tangazo la ukutani linavyosema, vyombo vioshwe kwa maji hayo?"

Maricruz akacheka hadi akashika tumbo. Kumbe hayo maji safi ndiyo yaliyoinyonya chumvi usiku kucha! Akajaza kimrija maji ya chumvi upya. Saa sita namba kwenye mita haikutikisika, saa nane vilevile. Moyo wake ukatua.

Saa tisa akaingia Zaldívar wa idara ya mali, ambaye wote humwita licenciado, yaani msomi. Bila muhuri wake vipimo havipokelewi.

"Elektrodi namba 4471 iko wapi?"

"Ilipasuka, licenciado. Natumia hii."

"Haina kibandiko cha namba. Isiyo na kibandiko haipo, dada. Nigonge muhuri kwa kitu kisichokuwepo? Nahesabu viti hapo jirani. Nikirudi niione."

Zaldívar akatoka. Doña Eduwiges akafungua droo, akatoa ile iliyopasuka, akabandua kibandiko kwa ukucha, akakibandika kwenye kimrija cha njiti ya meno na kukikandamiza kwa kidole gumba.

Zaldívar akarudi, akasoma namba, akagonga muhuri.

"Mnaona? Ofisi ikinunua kitu, kinadumu."

"Kinadumu sana, licenciado," akajibu doña Eduwiges, akikamua dekio. "Inua mguu nipige deki."