Njiti Tano Upande wa Kulia

Jumamosi mchana melini ni siku ya uji wa mchele, na hakuna mwenye akili timamu anayekubali kuukosa. Ndiyo maana saa sita ilipokaribia, Torleif alikuwa ameshavaa ndara zake, mguu mmoja ndani ya chumba cha marubani, mwingine ukielekea kwenye siagi na mdalasini.

"Tano kulia," alimwambia Gunnvor aliyekuja kumpokea zamu. "Bibi yuko mita mia moja na kumi, mguu wa kaskazini. Bahari imeanza kununa. Kaa."

Gunnvor akakaa. "Nimepokea," akasema, bila kutazama nyuma.

Bibi lilikuwa jina la chombo chao: sanduku la njano, zito kama gari dogo, lenye taa, kamera na mikono miwili ya chuma. Lilishushwa baharini ndani ya kizimba, likatoka humo kukagua miguu ya mtambo wa mafuta, mahali ambapo mpiga mbizi hapelekwi ovyo. Rubani wake hazami. Anakaa melini mbele ya skrini, na kati yake na Bibi kuna kebo tu. Sasa kebo ina tabia yake: kila Bibi anapojizungusha, nayo inajisokota. Ukizunguka mara tano kulia, lazima uzunguke mara tano kushoto kabla hujamrudisha kizimbani. Usipofanya hivyo, kebo hujikunja vitanzi, hukwama, hukatika, na Bibi anabaki chini.

Kwa hiyo zamu zinapobadilishana, kitu cha kwanza kukabidhiwa ni hesabu ya mizunguko. Kompyuta huihesabu, lakini asubuhi ile ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya, ikasahau kila kitu. Torleif hakujali. Yeye miaka ishirini na minne alikuwa akihesabu kwa njiti za kiberiti: mzunguko mmoja njiti moja, upande wa kulia au wa kushoto wa kibao chake. Na sheria inasema anayepokea kiti atazame kebo kwa kamera ya nyuma kabla hajasema amepokea. Lakini nani anamkagua mwalimu wake? Tena siku kama ile. Kitabu cha mafunzo cha Gunnvor kilikuwa mezani, kimebakiza mstari mmoja tu, na wa kuutia sahihi ni Torleif. Kesho yake helikopta ingemrudisha nchi kavu, na Jumatatu meli nyingine ilikuwa inamsubiri, kama rubani kamili. Bila sahihi ile, ni nusu mwaka mwingine wa kuwashikia wenzake spana. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kumi kati ya hiyo ameimaliza kwenye injini za meli za uvuvi, na spana zilikuwa zimemtosha.

Haikupita robo saa, nahodha akasikika kwenye spika. "Mawimbi yamefika mita tatu. Yakifika tatu na nusu siruhusu winchi kuinua kitu. Nakupa dakika arobaini, Gunnvor. Mlete nyumbani."

Gunnvor akaanza kuisokotoa kebo. Kushoto mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu Bibi akavutwa pua juu, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Hapo ndipo Gunnvor alipowasha kamera ya nyuma. Kebo ilikuwa imejaa vitanzi, na kimoja kilikuwa kimenasa kwenye kipande cha chuma kilichochomoza mguuni mwa mtambo.

"Simama," akasema kwenye kipaza sauti.

Melini kwao neno hilo anaweza kulisema yeyote, hata mpishi, na hakuna anayeuliza sababu mpaka kila kitu kimesimama. Winchi ikanyamaza. Torleif akaingia na bakuli lake.

"Nani kasimamisha?"

"Mimi, mzee. Kebo imejisokota. Nadhani ilikuwa tano kushoto, siyo kulia."

"Unadhani." Torleif akala kijiko kimoja. "Njiti hizo hapo, zihesabu. Nilianza kazi hii wewe bado unavaa nepi."

"Nilikuwa na miaka kumi, mzee."

"Basi ulichelewa kuivua. Malizia mbili kushoto, kitanzi kitaachia chenyewe."

"Hebu tazama skrini." Gunnvor akamgeuza Bibi robo mzunguko kushoto, kebo ikakaza. Akamrudisha, akaongeza robo kulia, ikalegea.

"Huo ni mkondo wa maji."

"Mkondo ni ule ule, huku na huku."

"Binti, nimesema kushoto."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Gunnvor. Alikitazama kitabu, kalamu ya Torleif ikiwa imechomekwa kati ya kurasa. Lakini katika chumba kile aliye kitini ndiye mwenye uamuzi, na aliyemfundisha hivyo siku ya kwanza kabisa ni Torleif mwenyewe, akigonga mkono wa kiti kwa kidole.

"Niko kitini mimi, mzee," akasema. "Tano zako na tatu zangu. Naenda kulia nane."

Torleif akaweka bakuli chini. Gunnvor akazungusha polepole, akihesabu kwa sauti. Mzunguko wa sita, kitanzi kikachomoka kwenye chuma. Wa nane, kebo ikanyooka. Bibi akaingia kizimbani, akapandishwa, akatua juu ya sitaha akichuruzika maji, dakika tisa zikiwa zimebaki.

Torleif aliziokota njiti moja moja, akazitia kwenye kiberiti, akazitoa tena, akazitazama. Kisha akavuta kitabu. Gunnvor akainuka kitini, akijiandaa kunyimwa.

"'Anaweza kuendesha peke yake,'" Torleif akasoma mstari wa mwisho. Akatia sahihi.

"Sikutazama nyuma nilipopokea," Gunnvor akasema. "Nitaliandika kwenye ripoti."

"Liandike, ndilo kosa lako. Na langu liandike. Upande nimeukosea. Mara ya tatu mwezi huu."

"Ya tatu?"

"Mbili za kwanza niliziwahi mwenyewe, nikazisahihisha wewe umelala." Akakaa juu ya sanduku la vipuri, siyo kwenye kiti kilichokuwa wazi. "Sijui akili huwa inakwenda wapi. Andika tatu, Gunnvor. Ukiandika moja watasema ni bahati mbaya, watanirudisha kitini."

Gunnvor alimpenda mzee yule, na mkono wake ulitaka kuandika moja. Akaandika tatu, akamgeuzia karatasi asome, naye akatia sahihi pale chini kwa kalamu ile ile.