Shimo Namba Tisa Lafunga Tai

Jana mchana niliota ndoto, na kabla sijaisimulia ieleweke kwamba mimi ni mkaguzi wa machimbo ya dhahabu huku jangwani Turkana, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kushuka shimoni. Kazi yangu ni kusimama mdomoni mwa shimo na kuita, "Salama?" Mwangwi hujibu, "Salama." Natia alama ya vema, naondoka.

Nilikuwa nimejilaza kivulini mwa gari, nikiwangoja Ekidor na wachimbaji wenzake sita wamalize chai niwaruhusu washuke Shimo Namba Tisa. Usingizi ukanichukua.

Niko korongoni. Kuta za mawe zimepakwa rangi za ofisi, kijani chini, krimu juu. Mbuzi wamepanga foleni, kila mmoja na fomu mdomoni. Wa mbele ameshaila yake na anaambiwa arudi kesho.

Nyuma ya meza limeketi Shimo Namba Tisa, limefunga tai.

"Miaka yote unaniuliza kama niko salama," linasema, "na kila mara unajijibu mwenyewe. Umewahi kuisikia sauti yangu?"

"Sijawahi."

"Ndiyo hii."

Helmeti yangu, ambayo bado imo ndani ya nailoni ya dukani, inakohoa. "Mimi msinihusishe," inasema. "Bado mgeni hapa."

Shimo linafungua kitabu. "Kanuni ya nne: mkaguzi auone mwisho wa shimo kwa macho yake. Haisemi lazima aje mwenyewe. Lete macho."

Nayatoa kama mtu anayevua miwani, natia saini, na helmeti inayateremsha kwa kamba ikinung'unika. Mimi nabaki kitini, lakini ya huko chini nayaona. Nguzo ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu ina kikombe chekundu kimetundikwa msumarini, na juu ya msumari kuna ufa unaoingia kidole. Udongo unachuruzika ndani ya kikombe. Kimeshajaa nusu.

"Salama?" linaniuliza shimo.

Mbuzi wote wanageuka kunitazama. Naona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Bwana mkaguzi, amka." Ekidor alikuwa amesimama mbele yangu. "Wenzangu wamemaliza chai. Tushuke ama tungoje? Mimi hata sijanywa, kikombe changu nilikisahau huko chini jana."

Niliketi nikijifuta macho. "Chekundu?"

"Ee."

"Nguzo ya tatu."

"Nani amekuambia?"

Fomu ilikuwa pajani mwangu. Alama ya vema niliitia asubuhi, nikiwa bado nyumbani nakunywa uji. Niliichana, na hapo nikaona vidole nilivyojifutia macho vimejaa udongo mwekundu.

"Leo hashuki mtu," nilisema.

"Na kikombe changu?"

"Kiache. Kimeshajaa nusu."