Mkanda wa Pili

Mzee Mstari alijifunga mkanda wa taa ya kutuliza maumivu kwenye goti la kulia, lile la baridi yabisi, akabonyeza swichi. Mwanga mwekundu ukamtanda mguuni, una vuguvugu kidogo tu. Mkanda wa pili, uliounganishwa na huo kwa waya na kuwaka pamoja nao, aliulaza juu ya kiti kitupu kilichomkabili.

"Baba, nimekuletea jozi," binti yake alisema kutoka mlangoni. "Funga yote miwili."

"La kushoto halijanikosea. Huo nimemwachia mama yako. Naye magoti yalimtesa."

"Mama tumemzika, baba. Usinitie kiwewe."

"Nani kakwambia sijui? Kaburi lake nimelisakafia mwenyewe."

Binti hakucheka. "Leo ndiyo leo. Unapiga magoti, unainuka bila kushika kitu. Ukishindwa, nyumba tunaifunga, unahamia kwangu. Tulikubaliana."

"Magoti haya yametandaza vigae nusu ya mji, mwanangu."

"Ndiyo maana yamekwisha."

Mzee akaitazama sakafu. Hata sakafu hii aliitandaza yeye, mkewe akimpokeza vigae kimoja kimoja, na mistari ikanyooka hadi mafundi wenzake wakampa jina la Mstari. Kumhamisha hapa ni kumng'oa.

Kitini, mkanda ulijikunja taratibu, ukakumbatia hewa kwa umbo la goti. Mto wa kiti ukabonyea. Mzee hakushtuka, alikwisha kuzoea tangu taa ilipoingia nyumbani. Kilichomshangaza ni kwamba safari hii binti naye alikuwa akitazama.

"Waya unavuta," binti alisema upesi.

"Waya," mzee aliitikia.

Taa zikajizima, muda wake umetimia. Mzee alijifungua, akashuka: goti la kushoto, kisha la kulia. Baridi ya kigae ikampanda mifupani. Akajaribu kuinuka. Goti likakwaruza kama kigae chini ya msumeno. Akajaribu tena, jasho likimtiririka.

"Basi, baba. Yatosha."

Ndipo bega lake la kulia likatangulia kupanda, shati limekunjamana kwapani kama limeshikwa. Hivyo ndivyo marehemu mkewe alivyokuwa akimwinua kila kazi ilipokwisha. Akasimama wima, mikono yote miwili ikining'inia.

"Nimeinuka?"

"Umeinuka," binti alinong'ona, kiganja kimemfunika nusu ya mdomo.

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akajibana ukutani, akavuta pindo la gauni lake lisikanyagwe. Macho yake yakafuata kitu polepole, kikipita mlangoni kuelekea jikoni.

Mzee alikuwa bado amesimama katikati ya chumba.