Kifuniko cha Lenzi

"Na dirisha wakilitoa, utamwona wapi?" aliuliza Mama Kidoti, sindano bado ikiwa mdomoni.

Baba Kidoti akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akijaribu kumweleza tangu chai ya asubuhi, ila kila akifungua mdomo anakatizwa. Simu yake ilikuwa mezani, katikati ya vipande vya ngozi ambavyo mkewe alikuwa akivishona kuwa mikoba, na ilionyesha mchoro wa kamera ambayo hakuna aliyewahi kuishika. Uvumi wa wiki ile ulisema toleo jipya litakuwa jembamba zaidi, kitufe kitasogezwa kidogo, na dirisha dogo la kuchungulia litaondolewa kabisa. Mahali pake patawekwa skrini inayoonyesha kile kile ambacho lenzi inakiona. Wiki iliyotangulia uvumi ulisema dirisha litabaki. Baba Kidoti aliuamini huu wa sasa, kwa kuwa ndio alioutaka.

"Duka linapokea hii ya zamani, halafu linaniweka kwenye orodha ya wa kwanza," alisema. "Mwisho kesho."

"Hiyo ya zamani ndiyo yenye mtoto."

Hapo hapakuwa na ubishi. Kidoti alikufa kwa homa mwaka juzi, siku tisa baada ya kutimiza miaka saba, na wiki moja baada ya mazishi alianza kuonekana ndani ya kamera ya baba yake. Kamera yenyewe ilikuwa ya aina ambayo jicho na filamu havipiti njia moja. Mpigaji anachungulia kwenye dirisha la pembeni. Filamu inatazama kupitia lenzi. Katikati ya dirisha kuna kisehemu kilichofifia chenye taswira ya pili ya kitu kile kile, na mpigaji huzungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili ziwe moja. Ndani ya kisehemu hicho ndimo alimokuwa Kidoti. Ukizungusha pete alisogea taratibu, mpaka akakaa sawasawa kwenye kiti cha studio, mabega juu, pumzi ameibana, kama alivyofundishwa.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Waliokuja kupiga picha za pasipoti walishazoea kuombwa wajivute kidogo kushoto, kuna mtoto. Mwalimu mmoja aliuliza kama ni bora ampakate. Fundi saa wa jirani alichungulia, akarudisha kamera, akasema dirisha lina vumbi.

Baba Kidoti alikuwa amemmalizia filamu kumi na moja. Zote zilipooshwa zilitoa kiti kitupu, kimetoka vizuri mno. Ndiyo maana aliitaka kamera mpya. Ikiwa skrini inaonyesha kinachoonwa na lenzi, na Kidoti akatokea humo, basi atatoka kwenye picha. Na kulikuwa na uvumi mwingine tena, ambao aliusoma kwa sauti ya chini: toleo jipya litakataa kupiga kama lenzi imefunikwa.

Mama Kidoti akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye ngozi.

"Haya, liseme basi," alisema. "Miaka miwili unalizunguka."

Kuta za studio zilijaa picha za watoto wa mtaa mzima. Ya Kidoti haikuwapo. Kwa miaka saba baba yake alisema atampiga vizuri toleo jipya likitoka, na picha za simu hakuzihesabu kuwa picha. Mkewe akamsikiliza, akaacha kuzipiga. Siku mtoto alipotimiza miaka saba ndipo Baba Kidoti alipochoka kungoja. Alimpiga filamu nzima, picha thelathini na sita, na dirisha lilimwonyesha kila mara, angavu, na gauni lake la njano. Picha zote zilitoka nyeusi tii.

"Niliacha kifuniko kwenye lenzi," alisema Baba Kidoti. "Picha ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Nilikiona."

Mumewe alimtazama.

"Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni," alisema Mama Kidoti. "Nikakiona. Nikajiambia, fundi anajua kazi yake."

Kisha Mama Kidoti akachukua kamera, akaielekeza kwenye kiti, akazungusha pete. Kidoti akaja akakaa. Mama yake akabonyeza, jicho lisibanduke dirishani.

"Mwanamume wewe, umewahi kumtazama baada ya kubonyeza?"

Hakuwahi. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini: akibonyeza tu, anashusha kamera kuvuta filamu.

"Anashusha mabega," alisema Mama Kidoti. "Anapumua, anacheka, halafu anajiweka tena. Hangoji picha huyu. Anangoja huo mlio wa kitufe."

Akaifungua kamera mgongoni, akaitoa filamu, akaiweka juu ya meza mwanga uiunguze. Akavuta kopo la gundi yake ya ngozi. Aliipaka ukingo wa kifuniko pande zote, bila haraka, akakikandamiza kwenye lenzi na kuhesabu mpaka sitini, kama anavyofanya na mishikio ya mikoba. Gundi ile haikuwahi kumwangusha.

"Duka haliipokei tena," alisema, akamkabidhi. "Mpige."

Baba Kidoti alichungulia. Dirisha lilikuwa safi. Alizungusha pete mpaka mtoto akakaa kitini.

"Tulia hivyo hivyo," alimwambia, akabonyeza, na safari hii hakuishusha kamera.

Simu iliwaka mezani. Dirisha, uvumi ulisema sasa, litabaki. Mama Kidoti aliisukuma kando apate nafasi ya ngozi yake.

"Amepumua," alisema Baba Kidoti, akabonyeza tena.