Kifurushi Kilichokohoa

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, haya ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Anayebisha akamuulize mzee mwenyewe, tarishi mstaafu wa posta ambaye mtaa mzima unamwita Babu Stempu. Mtu mtanashati, mnyenyekevu, asiyesema uongo ila pale ukweli unapopwaya.

Mjukuu wake alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mikono kwenye mashati ya watu, moyo ndani ya sare ya polisi. Majirani walikwisha kumwita Afande, jambo ambalo ni sawa na kumpongeza kuku kwa yai ambalo hajataga. Chuo cha polisi kilitaka kilomita tatu kwa dakika kumi na tano, naye alikuwa ameshindwa kwa dakika moja na nusu. Ilibaki nafasi moja, miezi miwili mbele. Akiikosa, umri utampita, na hilo jina la Afande litabaki kumcheka hadi uzeeni.

"Tatizo lako unatoka kama chafya," Babu alimwambia, huku akipangusa baiskeli yake ya kazi. "Kilomita ya kwanza wewe risasi. Ya pili moshi. Ya tatu hata mlio hakuna."

"Sasa nifanyeje, Babu?"

"Nifuate. Nitakuhadithia."

Basi kila alfajiri mzee alitangulia na baiskeli, akisimulia siku aliyokabidhiwa kifurushi kinachokohoa. Sheria zilikuwa mbili. Afande akikosa pumzi ya kuuliza "ikawaje?", amekwenda mbio mno, apunguze. Asipoisikia sauti ya Babu, amezembea, na mzee harudii neno hata umlipe.

Wiki ya kwanza aliambulia vipande. Alijua mbwa alimfukuza Babu, lakini hakujua kwa nini mbwa huyo alikuwa amevaa viatu. Jambo hilo lilimkosesha raha kutwa nzima, hadi akaunguza kola ya mwalimu mkuu. Kesho yake hakuachwa nyuma. Babu naye, mjanja kama sungura, akaanza kuiweka sehemu tamu kwenye kilima cha kiwanda cha matofali, na ukitaka utamu, upande. Kufikia wiki ya sita Afande alipanda kile kilima akiuliza maswali kama mtoto anayeogeshwa. Alikwisha kusikia jinsi Babu alivyokimbia mpaka kivuli chake kikachoka, kikabaki njiani, kikafika nyumbani keshoye kimepanda lori.

"Na ndani ya kifurushi mlikuwa na nini?"

"Hiyo ni ya siku ya mtihani, ukimaliza ndani ya muda. Nisipokwambia, njia hii yote nitaikimbia mimi, nimevaa ile kaptula yangu ya posta."

Siku ikafika. Filimbi ilipolia, wenzake walichomoka kama wameona nyoka. Afande akajizuia, midomo ikinong'ona "ikawaje, ikawaje." Kilomita ya pili alianza kuwaokota mmoja mmoja, wameinama, mikono viunoni. Lakini ya tatu miguu ikawa magogo. Babu hayupo mbele, baiskeli zimekatazwa. Akaanza kulegea.

Hapo, nyuma ya uzio, kitu kikakohoa.

"Kho! Kho-kho!"

Afande akacheka, na kicheko kikampa pumzi, na pumzi ikampa miguu. Alivuka mstari wa mwisho kwa dakika kumi na nne na sekunde hamsini na mbili, akaanguka majanini miguuni pa Babu na mkewe, Bibi.

"Nimepita. Haya, ndani mlikuwa na nini?"

Babu akajibu, "Mlikuwa na... mbuzi."

"Kifurushi ulikibeba wapi?"

"Mfuko wa shati."

"Mbuzi, Babu? Mfuko wa shati?"

"Mdogo."

"Wiki ya tatu ulisema kilikuomba maji kwa adabu."

"Mbuzi aliyelelewa vizuri."

"Babu, nitazame usoni. Hadithi hii ina mwisho?"

Mzee akatazama viatu vyake. Bibi akafungua mkoba, akatoa kaptula ya posta, imepigwa pasi.

"Miaka arobaini na moja nami nausubiri huo mwisho," alisema. "Ulidhani nilikubali kuolewa kwa ajili ya baiskeli?"

Alfajiri iliyofuata mtaa mzima ulisimama vibarazani. Afande ndiye aliyepanda baiskeli, na mzee nyuma, kaptula ikipepea kama bendera iliyokata tamaa.

"Siku moja, Babu, meno ya bandia ya mzee mmoja yalitoroka yakaenda kuposa."

"Ika... ika..."

"Umekwenda mbio mno, punguza!"

Mzee alimaliza kwa dakika arobaini na mbili, na hadi leo magoti yananiuma. Yanamuuma, nilitaka kusema. Yanamuuma yeye.